Nilivyoosha Ushuru kwa Sabuni ya Unga

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi ya migodini Zambia. Aliaga asubuhi, akasema atarudi na baiskeli. Baiskeli sikuiona, na yeye sikumwona. Shida yangu ilianza siku hiyo. Kama imekwisha sijui, ila siku hizi inanikuta nimesimama.

Tulikuwa Igamba. Mama alibaki na watoto wanne, na kipande cha kahawa ambacho ndugu za baba walikichukua kabla hata mavuno hayajafika. Shule niliiacha darasa la tatu. Nasoma kwa kufuatisha kidole, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Asiyependa mwandiko wangu afunge daftari aende zake.

Mama akaanza kupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ile ya kumiminia maji ya moto na kunywa kwa mirija. Alikuwa akiuza kilabuni, penye banda la nyasi na magogo ya kukalia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha. Naosha vyungu, naosha mirija, naosha vibuyu, na sioshi nyuma ya nyumba. Naosha hapo hapo mbele ya wanywaji wanaona. Ndivyo walivyofanya wapishi wote wa kwetu waliojiheshimu. Mama alisema, "Anayeoshea nyuma ya nyumba ana la kuficha." Nikiacha alama kidogo tu ya machicha kwenye shingo ya chungu, nilipigwa kofi hadharani, na wanywaji wakacheka, na kesho yake walirudi kunywa kwa mama kwa sababu ya lile kofi.

Kitu cha pili nilichojifunza kilabuni ni risiti. Mtoza ushuru wa halmashauri alikuwa anakuja na mkoba wa ngozi na kitabu. Unamlipa kwa kila chungu, anachana karatasi, unakaa nayo. Ukishakuwa na karatasi hakuna wa kukugusa mpaka jua lizame. Na mazao ni hivyo hivyo: gunia likilipiwa geti la kwanza, ile karatasi inalipitisha mageti yote mpaka Tunduma. Unalipa mara moja, umemaliza.

Siku moja mama alimwambia yule bwana asubiri mpaka auze vibuyu viwili vya kwanza ndipo ampe pesa yake. Bwana alikiinua chungu kwa mguu kikalala ubavu, kimpumu ikaingia kwenye vumbi, na ulezi wa wiki tatu ukanywewa na kuku. Mama hakulia. Aliniambia nioshe chungu. Nilikiosha nikiwa namtazama yule mtu mgongoni anavyoondoka na mkoba wake, na nikaapa kwamba katika maisha yangu sitakosa karatasi ya ushuru, na sitakuja kumpenda mtoza ushuru yeyote, hata awe mwanangu wa kumzaa.

Kiapo cha kwanza nilikishika. Cha pili endelea kusoma.

Miaka ya katikati siisimulii. Niliuza wali kwa madereva kwenye foleni ya malori Tunduma, niliolewa na utingo, utingo akafa, akaniachia mdogo wake. Namuita shemeji kwa sababu lugha hainipi jina jingine la kuandikika. Kwa pesa ya wali nilinunua kiwanja, nikajenga vyumba vinne, viwili vya mbele nikavifanya baa. Mlango wa baa ndio mlango wa nyumba yangu. Hilo ulishike, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: anayefunga baa yangu amenifungia na jikoni.

Shemeji naye akafungua yake ng'ambo ya barabara, kiti kwa kiti na mimi.

Wewe usiyejua Tunduma, ujue kwamba pale nchi mbili zimekaa kama nyumba mbili zinazoshirikiana uchochoro. Unatoka hapa kununua nyanya, unarudi hujui kama ulikuwa Tanzania au Nakonde. Bia ya upande ule huwa inakuja kwa bei ya chini kuliko ya kwetu. Inapita vichochoroni, kwenye toroli chini ya mahindi, kwenye tumbo la mama mjamzito asiye na mimba. Shemeji aliiuza hiyo. Mimi sikuiuza hata chupa moja. Usidhani ni utakatifu. Upande ule ulinichukulia baba na haukunirudishia hata kofia yake. Sitautajirisha kwa bia. Mimi nilinunua zangu Mlowo, stoo ya jumla, kwa pesa taslimu, nikilipa nauli ya kwenda na kurudi.

Na niliziosha.

Kreti likishuka kwangu limebeba vumbi la barabara nzima. Malori yanasimama pale mlangoni siku mbili tatu, yakiondoka yanatuachia nusu ya mkoa juu ya meza. Kwa hiyo kila kreti lililoingia niliweka beseni mbili pale mbele ya baa, moja ya maji vuguvugu na sabuni ya unga, moja ya kusuuzia, nikakaa kwenye kigoda pamoja na dada wa kaunta, mama mmoja wa Ihanda mwenye watoto watatu, tukaosha chupa moja moja. Tunasugua kwa stili waya. Tunapangusa kwa kitambaa cheupe. Chupa ikiingia friji inang'aa kama imetoka kuolewa. Madereva wa Kizambia walikuwa wakipita baa tano kuja kwangu. "Ba mayo," wananiita, maana yake mama, "kwako mtu anaweza kunywa bila glasi." Maji machafu tulimwaga kwenye migomba nyuma ya choo.

Sasa kila mwaka, bajeti ikisomwa mwezi wa sita, mwezi wa saba bia inapanda. Na ikipanda anayetukanwa ni mimi. Hakuna mlevi aliyewahi kwenda Dodoma kumtukana mtu. Wananitukana mimi kaunta.

"Mama, juzi ilikuwa bei nyingine!"

"Juzi ulikuwa na meno mengine. Lipa."

Palikuwa na mwalimu mstaafu, mteja wangu wa bia moja kwa saa tatu, mtu wa kukaa pembeni na gazeti. Huyo alipenda kunielimisha. Siku moja alisema, "Mama, watu wanakuonea. Humo ndani ya chupa kuna kodi. Serikali imekunywa kabla yao."

Nikamwambia, "Mwalimu, ushuru wangu naulipa halmashauri, leseni ya vileo naikata kila miezi sita, na karatasi ninazo. Usiniletee ushuru mwingine."

"Huo ni wa biashara. Kuna wa bia yenyewe. Unalipwa kiwandani."

"Ukilipwa kiwandani mimi unanihusu nini?"

"Unahusika. Wewe ndiye unayeuku..."

"Kunywa bia yako, inapoa." Bia haipoi, inapata moto, lakini alinyamaza. Nilifurahi kumnyamazisha. Nimejutia furaha hiyo.

Walikuja saa nne asubuhi, siku ya soko, watu wamejaa barabarani. Gari moja nyeupe. Akashuka binti, afisa wa mapato, umri wa mjukuu wangu mkubwa, ameshika simu, na nyuma yake mwanamume wa kubeba. Binti alisalimia vizuri, hilo siwezi kumnyima. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi si bibi yako. Unataka bia au unataka choo?"

Akafungua friji langu. Akatoa chupa, akaigeuza, akatoa nyingine, akaigeuza. Akatoa kumi akazipanga kaunta kama watoto wa shule.

"Mama, stempu ziko wapi?"

"Stempu gani? Hapa ni baa, si posta."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema kila chupa ya bia inayouzwa nchini lazima iwe na stempu ya ushuru, na yeye anaipima kwa simu, na kwangu hakuna chupa hata moja yenye stempu. Akaingia stoo. Makreti kumi na manane, chupa zote uchi. Akatoka akasema, kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, "Bia hii haijalipiwa ushuru. Ni ya magendo."

Hapo nikaingia chumbani nikatoa waya wangu. Nina waya mrefu wenye risiti zote za halmashauri tangu nifungue baa, zimechomwa moja juu ya nyingine, nene kama mkate. Nikaupiga kaunta mbele yake.

"Soma. Ushuru. Ushuru. Ushuru. Geuza. Ushuru. Hakuna siku niliyoruka. Mama yangu alimwagiwa chungu kwa kukosa karatasi moja, mimi ninazo hizi. Nani ananigusa?"

Alizigeuza mbili tatu. "Hizi ni za halmashauri, mama. Ni za biashara yako. Mimi nauliza za bia."

"Bia na biashara yangu zimeachana lini?"

"Risiti za stoo uliponunua ziko wapi? Zile za mashine?"

Zile karatasi laini zinazofifia ukiziweka juani? Nilikuwa nawashia mkaa. Hazikuwa na muhuri. Kwangu mimi karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Toka kwenye baa yangu."

Hakutoka. Walipakia makreti yote kumi na manane, wakafunga baa kwa mnyororo na lakiri, wakanipa barua: siku saba nilete uthibitisho kwamba bia imelipiwa, la sivyo leseni inafutwa na napelekwa mahakamani kwa magendo. Mimi. Magendo. Nikaingia nyumbani kwangu kwa kuruka ukuta wa uani, na miaka yangu hii, kanga nimeifunga kiunoni.

Ng'ambo ya barabara shemeji alikuwa amesimama mlangoni anakula karanga. Siku hiyo friji lake lilikuwa limejaa bia ya Tanzania yenye stempu, kreti kwa kreti. Nani alimnong'oneza nakuachia wewe.

"Shemeji," alinipigia kelele, "na wewe umeanza kuvusha? Ungeniambia, tungegawana toroli!"

Nilimjibu neno ambalo siliandiki.

Usiku ule nilipata jibu, na nilikuwa na uhakika nalo kama ninavyoujua mkono wangu: mwenye stoo wa Mlowo ameniibia. Ameniuzia mimi, mwanamke asiyesoma, bia ya njia za panya kwa bei ya halali. Kesho yake nikapanda basi la kwanza.

Stoo ile ina uwanja wa kushushia mizigo, na asubuhi wachukuzi wamejaa, wanunuzi wa mahindi wamejaa. Nilianza kupiga kelele kabla sijafika mlangoni. "Mwizi! Toka nje mwizi! Umeniuzia magendo umenifungia nyumba!"

Akatoka, mtu mzima mwenye tumbo, miwani kichwani. "Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi! Bia zako hazina stempu! Watu wote wasikie, bia za huyu hazina stempu!"

Hakubishana. Alichukua chupa kwenye kreti lililokuwa linashushwa saa ile ile, akaniwekea chini ya pua. Shingoni, karibu na kizibo, palikuwa na kikaratasi kidogo, kina rangi rangi na namba ndogo ndogo.

"Mama, hiki ni nini?"

Nikakitazama. Nilikijua. Nilikuwa nakijua miaka mingi kama unavyolijua kovu la mume wako.

Nikasema, na kila mtu akasikia, "Huo ni uchafu wa kiwandani."

Mchukuzi mmoja aliyekuwa na kreti begani alilishusha chini ili acheke vizuri. Mwingine akakaa kabisa kwenye magunia. Mwenye stoo alivua miwani kichwani, akaivaa, akanitazama kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Uchafu wa kiwandani," alirudia. "Mama, unavifanyaje?"

Nilikuwa nakumbuka yule dada wa Ihanda, mwaka gani sijui, kakaa kwenye kigoda na chupa mkononi, ananiuliza, "Mama, hiki si kitu cha serikali? Mbona kina namba?" Na mimi nikamwambia, "Serikali haiwezi kukaa shingoni mwa chupa. Sugua." Kikaratasi kile kilikuwa kinashika vumbi kwenye gundi, kinaacha ukungu mweusi shingoni. Shingoni! Mahali pale pale niliponaswa kofi kwa machicha. Nilimnunulia stili waya mpya kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwenye stoo alisema, "Umeniita mwizi mbele ya watu wangu."

"Nimekuita."

"Haya, niombe msamaha nikuandikie barua."

Niliangalia wachukuzi wote wale wananisubiri. Wewe ungeomba. Mimi nilitoa pesa nikasema, "Nipe kreti moja. Na risiti ya mashine." Alinipa. Nauli ya kreti nililipa kama abiria.

Nilipofika nyumbani sikula. Nilichukua jembe na ndoo nikaenda kwenye migomba nyuma ya choo. Pale tulipokuwa tunamwaga maji, juu juu, chini ya majani makavu, udongo ulikuwa una magamba. Ukiinua gamba linachanika. Ni vikaratasi, mamia kwa mamia, vimebandikana kama wali ulioungua. Vya chini vimeoza vimekuwa udongo. Migomba ile ndiyo yenye mikungu mikubwa kuliko yote mtaani, na sasa nikajua imelishwa nini. Nilichambua mpaka mgongo ukakataa. Nikajaza ndoo nusu.

Siku ya nne niliingia ofisini kwa yule binti na mchukuzi wa toroli. Kwenye toroli kulikuwa na kreti, ndoo ya vikaratasi, beseni mbili, dumu la maji ya moto, na sabuni ya unga. Mlinzi aliniuliza kama nakwenda kufua. Nilimwambia ndiyo, nakwenda kufua jina langu.

Binti alitoka barazani. "Mama, uthibitisho wako uko wapi?"

"Kaa."

Hakukaa, lakini hakuondoka. Niliweka beseni pale uani, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya kulipia mizigo yao. Nikatoa chupa, nikampa aipime. Akaipima kwa simu, simu ikalia. "Hii ni halali," alisema. Nikaichukua mkononi mwake, nikaizamisha, nikaisugua shingo, nikaisuuza, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe, nikamrudishia. Kikaratasi kilibaki kinaelea kwenye povu.

"Pima sasa."

Alinitazama mimi, akatazama chupa, akatazama beseni.

"Pima! Si uliniita magendo sokoni? Pima!"

Niliosha kreti zima. Chupa ishirini na tano, moja moja, na dereva mmoja wa Kizambia kwenye foleni, aliyenitambua, akawaambia wenzake, "Ndivyo ba mayo anavyofanya siku zote. Mimi nakunywa kwake." Ningemkumbatia kama asingekuwa wa upande ule.

Kisha nikammwagia binti ndoo miguuni. Aliinama mwenyewe, hilo nalo simnyimi, akaokota vikaratasi akavisafisha kwa kidole. Vingi simu ilivikataa. Kimoja kikalia. Kingine kikalia. Akaniuliza nilinunua wapi, akaingia ndani kwenye kompyuta yake, akakaa muda mrefu. Kumbe ile risiti ya mashine niliyokuwa nawashia mkaa, nakala yake inabaki kwao. Mwenye stoo wa Mlowo, yule niliyemwita mwizi, alikuwa ameandika kila kreti nililonunua, na jina langu, bila kukosa.

Binti alirudi. "Mama, bia yako imelipiwa."

"Nilikwambia."

"Lakini kubandua stempu ni kosa. Hata kama hukujua. Kuna faini."

Nilidhani sijasikia. "Unanitoza faini kwa sababu nimeosha?"

"Kwa sababu umeondoa stempu ya serikali."

"Ungeibandika mahali pasipooshwa!"

"Mama," alisema, na sasa alikuwa amechoka, "mimi sibandiki. Nakagua."

Nililipa. Niliuza nguruwe wangu wawili waliokuwa na mimba, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Makreti yangu yalirudi, chupa nne zimepungua na hakuna aliyejua zilikokwenda. Bia ile isiyo na stempu waliniamuru niirudishe stoo nilikoinunua. Kwa hiyo nilirudi Mlowo mara ya pili, na safari hii msamaha niliuomba, kwa sauti ndogo, na yule mwanamume mwenye tumbo akasema hajasikia, nirudie. Nilirudia. Wachukuzi walisikia. Sitamsamehe.

Leseni ilibaki. Lakiri walikata wenyewe.

Jioni ya kwanza ya kufungua, mwalimu alikuwepo pembeni kwake. Nilimwendea na chupa na kipande cha mkaa. Nikamwambia, "Haya. Nionyeshe. Nionyeshe ilipo humo ndani."

Aliuliza kama ninataka kujua kweli au ninataka kugombana. Nikamwambia vyote.

Alichora mstari kwenye chupa kwa mkaa. Alisema, kiwandani, kabla lori halijatoka getini, kila lita ina ushuru wake wa bidhaa. Huo ndio stempu inaousemea. Kisha akachora mstari wa pili, chini zaidi. Juu ya bei hiyo, pamoja na ule ushuru ndani yake, inawekwa kodi ya ongezeko la thamani, kumi na nane kwa kila mia.

"Ngoja. Kodi inatozwa na kwenye ushuru?"

"Na kwenye ushuru."

"Yaani kodi inalipiwa kodi."

"Ndiyo, mama."

"Na bajeti ikipandisha wa kwanza, wa pili unapanda wenyewe bila mtu kuugusa."

Mwalimu alinitazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo mwanzo. "Hapo wengi niliowafundisha mpaka kidato cha nne hawajafika." Alisema mistari yake si ya rula, inategemea bia na mwaka, lakini sehemu ya serikali ni pana kuliko watu wanavyodhani.

"Na anayeilipa ni nani? Kiwanda?"

"Kiwanda kinaitanguliza. Anayeilipa ni yule." Alimwonyesha mlevi mmoja aliyelala juu ya meza. "Na anayeikusanya kutoka kwake..."

Akaacha. Safari hii sikumkatiza, yeye mwenyewe aliona aibu kumaliza.

Nilimaliza mimi, kimoyomoyo. Nimekaa kaunta ile miaka, kila chupa nimeikusanyia serikali pesa yake kutoka mfukoni mwa mlevi, nimetukanwa matusi yake, na sikulipwa hata nauli. Yule bwana wa kilabuni alikuwa na mkoba wa ngozi na mshahara. Mimi sina mkoba. Lakini kazi ni ile ile, na nimeifanya kuliko yeye, na kwa bidii. Niliichukua ile chupa nikaifuta mistari kwa kitambaa. Mwalimu akadhani nimekasirikia yeye. Alikuwa sahihi kiasi.

Shemeji bado anauza bia ya toroli. Juzi alivuka barabara kuja kununua kiberiti kwangu, akasema, "Shemeji, wewe msafi umepigwa faini, mimi mchafu sijaguswa. Nani ana akili?" Nilimuuzia kiberiti. Nikamwandikia risiti.

Siku hizi naosha chupa tumboni na matakoni tu. Shingo naiacha na vumbi lake. Wapo wateja wanaolalamika, wananiambia nimezeeka, usafi umenishinda. Nawaambia hilo vumbi ni la serikali, walipanguse kwa shati lao. Beseni bado naziweka mbele ya baa, si nyuma ya nyumba.

Nilicho nacho leo ni hiki:

Nyumba ya vyumba vinne, bati jipya upande wa baa.
Kiwanja kimoja, hati ninayo.
Ekari moja na nusu ya kahawa Igamba, niliyoinunua kwa watoto wa wale walioichukua kwa mama.
Friji mbili, moja inafanya kazi.
Beseni mbili, kigoda, stili waya nisiyoitumia.
Leseni ya vileo, imefremiwa.
Waya wa risiti za halmashauri. Waya wa pili, wa risiti za mashine. Nimeufunika kwa kitambaa cheusi zisififie.
Migomba kumi na moja.
Chungu kimoja cha mama.
Nguruwe sina.